Jinsi ya Kuusoma Ukumbi wa Hoki ya Barafu: Mwongozo kwa Mtu wa Mwanza Anayekwenda Toronto

Mtu aliyekulia Mwanza huijua barafu kwa sura mbili. Ya kwanza ni ile ya ukwaju au ubuyu, ambayo watoto hung'ata ncha ya kifuko chake wakitoka shule. Ya pili ni barafu ya samaki, inayopakiwa kwa sepetu kwenye makasha ya mitumbwi inayokwenda visiwani kukusanya sangara. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomwandaa mtu kuingia ndani ya jengo na kukuta sakafu yote, yenye ukubwa usiofika robo ya uwanja wa mpira, imeganda kuwa barafu, na juu yake watu wazima wanakimbizana wakiwa na vyuma vyenye makali chini ya viatu.

Nimekuwa fundi wa mitambo ya baridi katika kiwanda cha minofu ya sangara kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na safari yangu pekee ya Kanada ilikuwa ya kuhudhuria mahafali ya binti wa kaka yangu. Kabla sijaondoka alinipigia simu. "Shikamoo baba mdogo. Leo nimenunua mchele na ndizi chini, halafu nikapanda ghorofa ya juu nikakuta watu wanacheza hoki ya barafu. Duka na barafu, jengo moja." Nilimwambia asinitanie. Nilipofika niliona kwa macho yangu, na tangu hapo kila ndugu au rafiki anayepata viza ya kwenda huko huniuliza aanzie wapi. Mwongozo huu ni jibu langu kwao. Unahusu zaidi ukumbi mmoja, Maple Leaf Gardens wa Toronto, kwa sababu sijui jengo jingine linaloonyesha vizuri zaidi jinsi ukumbi wa barafu unavyozaliwa, unavyotumika na unavyobadilishwa kazi.

Anza na kilicho chini ya barafu

Kosa la kwanza la mgeni ni kudhani kwamba barafu ile imeletwa na baridi ya nje. Theluji inaweza kuwa imejaa barabarani, lakini barafu ya ndani haiihitaji. Ingeganda vilevile mwezi Julai. Ukumbi wa hoki ni ndugu wa chumba cha baridi cha kiwanda cha samaki, isipokuwa kwamba sisi tunapoza hewa yote ili kilichomo ndani kigande, ilhali wao hupoza sakafu peke yake na kuiacha hewa iliyo juu ibaki kwenye nyuzi 10 hadi 15, kwa sababu mtazamaji aliyelipa kiingilio hawezi kukaa saa mbili na nusu kama mnofu wa sangara.

Mitambo yenyewe haitakuwa ngeni kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi viwandani kwetu. Kuna kompresa, kuna kondensa, na katika kumbi nyingi kuna amonia, ambayo huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, na kwa sababu hiyo hunyonya joto kwa nguvu kubwa inapogeuka kuwa mvuke. Amonia haipelekwi moja kwa moja chini ya wachezaji. Inabaki katika chumba cha mitambo, ambako inapoza maji yaliyochanganywa na chumvi ya kalsiamu ili yasigande, na maji hayo ya chumvi ndiyo yanayosukumwa na pampu kupitia kilomita nyingi za mabomba membamba yaliyolazwa ndani ya zege la sakafu, yakiwa na ubaridi wa nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Chini ya zege kuna tabaka la kuzuia joto, na chini yake tena, jambo ambalo wageni wengi hawaliamini wanapoambiwa, kuna mfumo wa kupasha ardhi joto. Bila huo, udongo ungeganda mwaka hadi mwaka, ungevimba, na hatimaye ungeipasua sakafu. Vyumba vikubwa vya kuhifadhia samaki hujengwa kwa tahadhari hiyohiyo, na anayeipuuza wakati wa ujenzi huja kuilipia baadaye kwa kuvunja sakafu nzima.

Barafu haimwagwi kwa mkupuo. Mafundi hunyunyiza maji kama ukungu juu ya zege lililopoa, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikiwa nyembamba kuliko ukucha. Tabaka za mwanzo zikishaganda hupakwa rangi nyeupe, kwa kuwa barafu tupu juu ya zege huonekana ya kijivu na kisahani cheusi cha mchezo, kile kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira, kisingeonekana sawasawa. Kisha huchorwa mistari na alama, na juu yake maji huendelea kuongezwa mpaka unene ufike sentimita 2.5 hadi 3. Piga hesabu mwenyewe: uwanja wa mita 61 kwa 26, wenye barafu ya unene wa sentimita 2.5, umemeza lita elfu 40 za maji, sawa na maboza manne ya lita elfu 10. Kwa jinsi unavyong'aa mtu angeweza kukisia mara tano ya hapo.

Ukifika mapema, au wakati wa mapumziko, usikimbilie kununua chakula. Subiri gari la kulainisha barafu. Frank Zamboni, aliyekuwa na biashara ya barafu na baadaye uwanja wa kutelezea huko Paramount, California, alilikamilisha la kwanza mwaka 1949, na mpaka leo watu wengi huliita kwa jina lake. Lina kisu kipana kinachokwangua uso uliochanika, parafujo inayokusanya chenga za barafu na kuzitupa ndani ya sanduku, na kitambaa cha nyuma kinachoburuzwa kikiwa kimelowa maji ya moto. Maji ya moto! Nilikaa karibu kabisa na kioo siku ile, nikaona mvuke ukifuka nyuma ya gari, na uso uliokuwa umejaa mikwaruzo kama ubao wa kukatia samaki ukageuka kioo cheusi chenye maji kwa sekunde chache, kisha ukapauka na kukauka mbele ya macho yangu. Maji ya moto huyeyusha kidogo kingo za mikwaruzo na kushikana na barafu ya zamani, tena yana hewa kidogo ndani yake, hivyo huganda yakiwa magumu na safi. Aliyewahi kuona barafu nyeupe yenye mapovu ikivunjika ovyo kwenye kasha la samaki ataelewa mara moja kwa nini hewa ni adui.

Neno moja la tahadhari kuhusu amonia, kwa kuwa nimeinusa mara nyingi kuliko inavyofaa. Mwezi Oktoba mwaka 2017, katika mji wa Fernie huko British Columbia, watu watatu waliokuwa wakishughulikia mitambo ya ukumbi wa barafu walikufa baada ya amonia kuvuja. Ukipata nafasi ya kuonyeshwa chumba cha mitambo, na ninakushauri uiombe kwa adabu, mfuate mwenyeji wako hatua kwa hatua, na ukisikia harufu ile inayochoma pua usijifanye shujaa.

Jua barafu ya ndani ilitoka wapi

Hapa ndipo undugu na kiwanda cha samaki unapoacha kuwa mfano tu. Mwingereza John Gamgee alikuwa daktari wa mifugo aliyeshughulika na swali la kugandisha nyama ili iweze kusafirishwa kutoka Australia na New Zealand bila kuoza. Katika majaribio hayo alipata njia ya kugandisha maji kwa mabomba, na tarehe 7 Januari 1876 akafungua mjini London, katika eneo la Chelsea, uwanja mdogo wa kutelezea uliogandishwa kwa mitambo, ukiwa ndani ya hema. Aliuita Glaciarium. Ulikuwa na ukubwa wa mita 7 kwa 5 hivi, yaani sebule ya nyumba ya kawaida pale Nyegezi. Mabomba ya shaba yalilazwa juu ya tabaka za udongo, mbao na manyoya ya ng'ombe, kisha yakafunikwa kwa maji. Kwa hiyo barafu ya michezo ni mtoto wa biashara ya nyama iliyogandishwa, na mtu wa Mwanza, ambaye jiji lake limekula na kusomesha watoto kwa minofu ya sangara iliyogandishwa, hana sababu ya kujiona mgeni mbele yake.

Hoki ya ndani kwa upande wake ilitangulia mitambo. Tarehe 3 Machi 1875, katika ukumbi wa Victoria Skating Rink mjini Montreal, uliojengwa mwaka 1862, James Creighton na wenzake walicheza mchezo uliopangwa wa hoki chini ya paa, wachezaji 9 kila upande, wakitumia kisahani cha mbao badala ya mpira wa kudunda ili kisiruke na kuwajeruhi watazamaji. Barafu ya ukumbi ule iliganda kwa baridi ya msimu tu. Vipimo vyake, futi 204 kwa 80, viko karibu sana na vile vya leo vya Amerika Kaskazini, ambavyo ni futi 200 kwa 85. Jengo lilikuwa limejengwa hivyo, mchezo ukajikuta umerithi umbo la jengo. Mwaka 1911 ndugu wawili, Lester na Frank Patrick, ambao familia yao ilikuwa imeuza biashara yake ya mbao, walijenga kumbi za kwanza za barafu ya mitambo nchini Kanada, mmoja katika mji wa Victoria na mwingine Vancouver. Ule wa Vancouver ulichukua watu zaidi ya elfu 10, ukateketea kwa moto mwaka 1936.

Soma mistari kabla ya filimbi

Sehemu hii naipita haraka, kwa kuwa jirani yako wa kiti atakueleza kwa furaha kuliko mimi. Mstari mwekundu wa katikati hugawa uwanja mara mbili. Mistari miwili ya bluu hugawa uwanja katika maeneo matatu, na mshambuliaji haruhusiwi kuuvuka mstari wa bluu wa wapinzani kabla ya kisahani. Hiyo ndiyo ofusaidi yao, na ni rahisi kuamua kuliko ya kwetu. Kila timu huingiza wachezaji 6, golikipa akiwemo, na hubadilishana kila baada ya dakika moja au chini yake bila mchezo kusimamishwa. Hakuna nusu mbili bali vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila mchezo unaposimama. Kisahani ni cha mpira mgumu, kipenyo chake sentimita 7.6, na hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidunde. Anayecheza rafu hutolewa nje kwa dakika 2 au zaidi, na timu yake hubaki pungufu.

Keti juu kidogo, kwenye pembe, mara yako ya kwanza. Mimi nilikata tiketi ya chini kabisa nyuma ya kioo nikidhani karibu ndiko kuzuri, nikaona gari la kulainisha barafu vizuri sana, ila mabao mawili kati ya matatu nilitangaziwa na kelele za watu.

Uliza ukumbi ulifanya nini siku zisizo na hoki

Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine yote. Ukumbi wa hoki hauwezi kuishi kwa hoki peke yake. Timu hucheza nyumbani siku chache kwa wiki katika msimu, ilhali kompresa hula umeme usiku na mchana na deni la ujenzi halisubiri ratiba ya ligi. Hivyo historia ya ukumbi wowote wa barafu, ukiisoma sawasawa, ni historia ya mambo yaliyofanyika barafu ikiwa imefunikwa. Sisi tunalijua hilo kutokana na uwanja wetu wa CCM Kirumba, ambao mtu anaweza kuuingia mwezi mmoja kwa ligi, mwezi mwingine kwa mkutano wa siasa, na mwezi unaofuata kwa mahubiri au tamasha la muziki, nyasi zikivumilia yote.

Maple Leaf Gardens ulijengwa wakati mbaya kabisa wa kujenga kitu chochote. Mwaka 1931 uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka na benki zilikuwa zimefunga mikono, lakini Conn Smythe, aliyeiongoza timu ya Toronto Maple Leafs, alitaka ukumbi mkubwa uliosimama mjini, kwenye kona ya barabara za Carlton na Church, mahali tramu zinapopita. Fedha ziliponyauka, msaidizi wake Frank Selke alizungumza na vyama vya wafanyakazi, na mafundi wakakubali kupokea asilimia 20 ya ujira wao kwa hisa za jengo badala ya fedha taslimu. Fikiria fundi mwashi anayerudi nyumbani jioni akiwa na karatasi ya hisa ya ukumbi ambao bado ni shimo. Nina hakika mazungumzo ya mezani siku hiyo yalikuwa marefu. Kazi ilianza Juni 1, na tarehe 12 Novemba ya mwaka huohuo milango ikafunguliwa, yaani miezi mitano na siku kadhaa, kwa gharama ya dola milioni 1.5 hivi. Paa lake ni kuba la chuma lisilo na nguzo hata moja katikati, ili kusiwe na kiti kinachotazama nguzo. Usiku wa ufunguzi wenyeji walifungwa 2 kwa 1 na timu ya Chicago.

Juu ya barafu, mita 17 hivi kutoka chini, kulining'inizwa kibanda cha mtangazaji wa redio Foster Hewitt, na kwa sauti yake hoki iliingia katika nyumba zilizokuwa mbali sana na Toronto, kama vile redio ilivyoiingiza ligi yetu katika visiwa vya Ukerewe na Ukara kabla ya watu kuwa na televisheni. Mwaka 1963, baada ya wachezaji wawili waliotolewa nje kuendelea kupigana wakiwa kwenye benchi moja la adhabu, ukumbi ulikuwa wa kwanza katika ligi yao kujenga mabenchi mawili tofauti. Kila ukumbi leo una mabenchi hayo, na wachache wanajua yalianzia wapi.

Sasa njoo kwenye siku zisizo na hoki. Mwaka 1932, ukumbi ukiwa bado mpya, Winston Churchill alihutubia humo. Baadaye zikaja opera, sarakasi za wanyama, miereka, mikutano ya hadhara ya vyama. Tarehe 1 Novemba 1946 barafu iliachia nafasi sakafu ya mbao, na Toronto Huskies wakacheza na New York Knickerbockers mchezo wa kwanza wa ligi ya kikapu ambayo baadaye ikawa NBA. Wageni walishinda 68 kwa 66. Ili kuvuta watu, waandaaji walitangaza kwamba yeyote aliyemzidi urefu mchezaji wao George Nostrand, mwenye mita 2.03, angeingia bure. Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, angepita mlangoni bila kutoa senti, akiwa na zaidi ya mita 2.2. Elvis Presley aliimba humo mwaka 1957, na The Beatles walirudi miaka mitatu mfululizo, 1964, 1965 na 1966.

Tarehe 29 Machi 1966 Muhammad Ali alipigana humo na George Chuvalo, Mkanada ambaye hakuwahi kuangushwa chini ulingoni. Pambano lilikuwa limekataliwa katika miji ya Marekani kwa sababu ya maneno ya Ali kuhusu vita vya Vietnam, ndipo Toronto ikalipokea. Ali alishinda kwa pointi baada ya raundi 15. Smythe, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa amejenga ukumbi ule, alichukizwa kiasi cha kujiuzulu nafasi yake katika bodi. Nalieleza tukio hili kwa urefu kwa kuwa linaonyesha gharama ya kufungua milango kwa kila shughuli: mjenzi wa nyumba anaweza kufika siku akatoka yeye, nyumba ikabaki na mgeni.

Yapo pia ya aibu, na mwongozo wa haki hauyafichi. Mwaka 1997 ilifichuka kwamba baadhi ya waajiriwa wa ukumbi walikuwa wamewadhalilisha wavulana kingono kwa miaka mingi, wakiwavuta kwa tiketi za bure na nafasi ya kuwaona wachezaji. Anayetembelea jengo kwa ajili ya utukufu wake ajue na hilo.

Kwa upande wa vikombe, hadithi ni fupi. Leafs walitwaa Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi yao, katika ukumbi huo tarehe 2 Mei 1967, na hawajalitwaa tena tangu siku hiyo. Usiwatanie mashabiki wao. Watu wa Pamba, waliosubiri zaidi ya miaka 20 kabla ya timu yao kurejea Ligi Kuu mwaka 2024, ndio wanaojua namna ya kukaa na mtu wa Toronto katika mada hii: unatikisa kichwa, unaagiza chai.

Tafuta doa jekundu

Leafs walicheza mchezo wao wa mwisho Maple Leaf Gardens tarehe 13 Februari 1999, wakafungwa 6 kwa 2 na Chicago walewale waliowafunga usiku wa ufunguzi. Wiki moja baadaye wakahamia ukumbi mpya, ulioitwa Air Canada Centre na sasa Scotiabank Arena, ambao wanautumia pamoja na timu ya kikapu ya Raptors. Jengo la zamani likabaki linatafuta kazi. Mwaka 2004 lilinunuliwa na kampuni ya maduka ya vyakula ya Loblaw, na mwaka 2011 ghorofa ya chini ikafunguliwa kuwa duka kubwa la vyakula; mwaka uliofuata chuo kikuu jirani, ambacho leo kinaitwa Toronto Metropolitan University, kikafungua kituo chake cha michezo katika ghorofa za juu, na uwanja mpya wa barafu ukawekwa juu kabisa, chini ya kuba lilelile la mwaka 1931.

Kwa hiyo ziara yenyewe ifanye hivi. Ingia dukani kama mteja wa kawaida, chukua kikapu. Tazama ukutani utaona jani kubwa la mti wa mepo (maple) lililoundwa kwa viti vya zamani vya bluu. Kisha tafuta kwenye sakafu, kati ya rafu, mimi nililikuta kwenye njia namba 25, doa jekundu la mviringo. Hapo ndipo palipokuwa katikati ya uwanja, mahali ambapo refa alidondosha kisahani kuanza kila mchezo kwa miaka 67. Siku niliyokwenda, mama mmoja alikuwa amesimamisha toroli yake juu ya doa hilo huku akilinganisha bei za makopo mawili, na nilingoja kwa heshima mpaka alipoamua. Binti wa kaka yangu aliona haya. "Baba mdogo, watu wanatutazama." Nilimwambia wacha watazame, nimekuja mbali.

Kisha toka, zunguka upande wa chuo, na uulize kama kuna mchezo au saa za kutelezea kwa wananchi. Uwanja wa juu una viti takriban 2,500 tu, na kwa sababu hiyo kila kitu kiko karibu na kuba liko juu ya kichwa chako. Mimi naupenda kuliko ule mkubwa. Hata hivyo, kama una fedha, nenda Scotiabank Arena ukaone ufundi wa kubadilisha sakafu: barafu haiyeyushwi kati ya hoki na kikapu, hufunikwa kwa mbao zenye kizuia joto, kisha sakafu ya kikapu huunganishwa kipande kwa kipande juu yake katika muda wa saa chache. Raptors walipokuwa mabingwa wa NBA mwaka 2019, wakiwa chini ya uongozi wa Masai Ujiri ambaye mama yake ni Mkenya, mechi zao zote za nyumbani katika msimu wa kawaida zilichezwa juu ya sakafu hiyo ya kuunganishwa.

Kama Toronto ni mbali

Watu huniuliza kwa nini tusijenge ukumbi kama huo hapa kwetu. Kugandisha maji si tatizo. Mwanza tunagandisha maji kila siku. Tatizo ni hewa. Upepo wa ziwa hubeba unyevu mwingi, na unyevu ukikutana na sakafu yenye ubaridi wa nyuzi 5 chini ya sifuri hugeuka ukungu unaowaficha wachezaji na umande unaoganda juu ya barafu na kuichakaza. Ingebidi kukausha hewa ya ukumbi mzima bila kupumzika, na bili ya umeme ya kukausha hewa ingeifuata kwa karibu ile ya kugandisha sakafu.

Ulio karibu zaidi uko Nairobi. Tangu mwaka 2005 kuna uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, kwenye barabara ya Mombasa, mdogo kuliko wa kawaida, na hapo ndipo ilipolelewa timu ya Kenya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada na kucheza pamoja na nyota wa hoki wa Kanada, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Basi la kutoka Mwanza kupitia Musoma, Tarime na Sirari litakufikisha, ila piga simu kabla ya kukata tiketi uulize kama barafu ipo siku hiyo, kwa kuwa uwanja wa barafu hufungwa kwa matengenezo kama mtambo mwingine wowote.

Vaa suruali ndefu, soksi nene zinazopita kifundo cha mguu, na glavu hata kama husikii baridi, kwa sababu utaanguka na mikono ndiyo itakayotangulia. Viatu vya kukodi vikaze kwenye kifundo na si kwenye vidole. Ukiingia, shika ukuta, kunja magoti, elekeza uzito mbele kidogo kama mtu anayesimama kwenye mtumbwi unaoyumba. Anayesimama wima kama nguzo huenda chini kwanza, kwenye mtumbwi na kwenye barafu pia. Zunguka mara tatu ukiwa umeshika ukuta, kisha uachie kwa hatua mbili.